Mto Ukifungwa, Bahari Hula Nini?

Katika miaka ya sabini, nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, nilikuwa na somo moja nililolipenda kupita kiasi: Bwawa Kuu la Aswan. Misri ilitaifisha Mfereji wa Suez mwaka 1956 ili ipate fedha za kulijenga. Ilianza ujenzi mwaka 1960, ikauziba mto mwaka 1964, ikakamilisha kazi mwaka 1970. Nilimaliza kila mara kwa fahari: umeme umepatikana, mashamba yanamwagiliwa mwaka mzima, mafuriko yamekwisha.

Siku moja mwanachuo mmoja, mzaliwa wa delta ya Rufiji, alinyosha mkono. "Mwalimu, kwetu mto usipojaa wakati wa masika, kamba huwa haba mwaka ule. Je, wavuvi wa baharini huko Misri ikawaje?" Nilimjibu kwamba samaki wa baharini hawaishi kwa tope la mto. Darasa likacheka. Akaketi.

Miaka mingi baadaye, nikiendelea kusoma, niligundua kuwa swali lile lilikuwa na jibu. Maji ya mashariki ya Bahari ya Mediteranea ni maangavu kwa sababu ni fukara. Yana uhaba wa fosfati na naitreti, yaani mbolea ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo chakula cha kwanza baharini. Zamani, mvua za nyanda za juu za Ethiopia ziliujaza Mto Nile, na kuanzia Agosti furiko lilimwagika baharini kupitia matawi ya Rosetta na Damietta. Mbolea ikafika, mimea ile ikastawi kwa ghafla, na saradini wakaja makundi kwa makundi. Wavuvi waliungoja msimu huo kama mkulima angojavyo mavuno.

Mwaka 1962 Misri ilivua saradini wapatao tani 18,000. Furiko la mwaka 1964 likawa la mwisho kufika baharini kwa ukamilifu wake. Kufikia mwaka 1968 saradini hawakutimia hata tani 1,000. Kamba nao walipungua sana.

Tangu miaka ya themanini samaki walianza kurudi. Wataalamu wanataja vyombo vya uvuvi vilivyoongezeka, na pia mbolea ya mashambani na maji machafu ya miji kama Cairo na Alexandria. Bahari ilirudishiwa chakula, lakini kwa njia ya uchafu, wala si kwa majira yake ya kale.

Mwezi Desemba 2022 tulianza kujaza Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji. Mimi pia nafurahia umeme wake. Tena Rufiji si Nile. Ina mikoko yake, na bahari ya kupwa na kujaa. Hata hivyo, mto wenye bwawa hutiririka kwa amri ya binadamu. Ni maji kiasi gani yafunguliwe wakati wa masika, ili delta na bahari vipate haki yao? Hilo haliwezi kuamuliwa bila kuwasikiliza wavuvi.

Yule mwanachuo sikumwona tena baada ya kuhitimu. Niliwafundisha walimu wengi kwamba kuuliza si ujinga. Siku ile mjinga alikuwa yule aliyejibu.