Uwiano wa Bei na Mapato katika Historia ya Kampuni za Vitabu

Kwa muda mrefu uchapishaji wa vitabu ulikuwa mali ya ukoo: nyumba ya Longman, iliyoanzishwa London mwaka 1724, ilirithishwa kizazi hadi kizazi bila haja ya kupangiwa bei sokoni. Haja hiyo ilizuka wachapishaji walipoanza kuuza hisa kwa umma, na kipimo kilichozoeleka kikawa uwiano wa bei na mapato, yaani bei ya hisa moja ikigawanywa kwa faida halisi ya mwaka inayoiangukia hisa hiyo. Hisa ya shilingi 60 yenye faida ya shilingi 5 ina uwiano wa 12, na mnunuzi wake hulipa faida ya miaka 12 ikiwa faida hiyo haitapanda wala kushuka. Sharti hilo la mwisho ni gumu mno kutimizwa katika biashara ya vitabu.

Ushahidi ulio wazi ni wa Penguin, kampuni aliyoiasisi Allen Lane mwaka 1935. Novemba 1960 mahakama ya London iliiondolea hatia ya kuchapisha riwaya ya D. H. Lawrence iliyodaiwa kuwa chafu, na nakala zaidi ya milioni 2 zikauzwa kwa muda mfupi. Miezi michache baadaye, mwaka 1961, hisa za kampuni zilipouzwa kwa umma, maombi yalizidi hisa zilizotolewa kwa takriban mara 150. Faida iliyovuta macho ya wanunuzi ilikuwa imekuzwa na kitabu kimoja na kesi moja, mambo yasiyojirudia kila mwaka.

Benjamin Graham na David Dodd, walimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, walikuwa wameshaonya juu ya mtego huo katika kitabu chao cha mwaka 1934, walipotaka bei ilinganishwe na wastani wa faida ya miaka 5 hadi 10, na kuweka ukomo wa takriban mara 16 ya wastani huo. Shauri hilo lawafaa wachapishaji kuliko wafanyabiashara wengi.

Afrika Mashariki kuyumba huko kwa faida husababishwa zaidi na mitaala. Longman Kenya, tawi la nyumba ile ya London, lilipita mikononi mwa Wakenya katika miaka ya 1990, likaitwa Longhorn, na mwaka 2012 likaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Mtaala ukibadilika, vitabu vya kiada huuzwa kwa wingi kwa msimu mmoja au miwili, kisha mauzo hupungua. Na tangu mwishoni mwa 2017, Serikali ya Kenya ilipoanza kununua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kwa wachapishaji, zabuni moja imeweza kuamua faida ya mwaka mzima. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Longhorn ilifunga mwaka wake wa hesabu kwa hasara, na palipo na hasara uwiano huu haukokotoleki kwa maana yoyote, ingawa haki zake za kuchapisha vitabu vinavyodumu, kama riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora na Kamusi ya Karne ya 21, zilibaki kuwa mali yenye thamani ambayo faida ya mwaka mmoja haiwezi kuipima.