Kutovumiliana

Kutovumiliana ni hali ya watu kushindwa kuchukuliana kwa sababu ya tofauti za asili, dini au siasa. Neno limejengwa juu ya kitenzi vumilia: -to- inakanusha, -an- inaonyesha kwamba jambo ni la pande mbili. Kirundi nacho kina kwihanganirana, yaani kuvumiliana, chenye -an- ile ile. Kifaransa, mojawapo ya lugha rasmi za Burundi, husema intolérance, kutoka Kilatini tolerare, yaani kubeba. Kitenzi stahimili, kinachokaribiana na vumilia, nacho kimetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana hiyohiyo ya kubeba, uliozaa pia hamali, mtu anayejitwika mizigo ya watu bandarini.

Rumonge, mji wa Burundi wa michikichi na wavuvi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, unaujua uzito wa neno hili. Mauaji yalizuka huko Aprili 1972, na wengi wakakimbilia Tanzania na Kongo. Waliporudi, hasa baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000, walikuta mashamba yao yana wenyeji wengine. Baadhi ya familia ziligawana shamba moja, nyingine zikapelekana mbele ya tume ya ardhi. Hapo ndipo -an- inapopimwa: mzigo haubebwi na upande mmoja.