Mtutu Mrefu na Watu wa Ziwa

Msomaji, ukiishika barabara itokayo mjini Kisumu kwenda Maseno na Busia, ukaupita uwanja wa ndege, muda si mrefu utafika Otonglo. Ni soko la kando ya njia kama masoko mengine mengi ya Nyanza: utaona omena, nyanya, nguo za mitumba, na mafundi wakigonga mabati. Katika masoko ya namna hii vyuma vikuukuu hununuliwa kwa kilo. Sufuria iliyotoboka, jembe lililolika, springi ya lori, vyote hupandishwa juu ya mizani moja, na mizani haiulizi chuma kilifanya kazi gani wala kilishikwa na nani. Mtutu wa bunduki ya kale ukiletwa hapo utahesabiwa kuwa kilo moja na kitu ya chuma, na habari yake itakwisha papo hapo.

Wako watu duniani, hasa Marekani na Uingereza, ambao wangetoa mali nyingi kuupata mtutu huo huo. Hao ni wakusanyaji wa silaha za kale. Yuko akusanyaye panga, yuko akusanyaye bastola. Na wako wachache, wenye subira kuliko wenzao, wanaotafuta bunduki za wenzo zenye mitutu mirefu kupita kawaida. Huenda ukacheka, ukasema kwamba hiyo ni michezo ya matajiri. Usicheke bado. Mkusanyaji mzuri huifanyia bunduki yake kazi ile ile ambayo mwanahistoria huifanyia barua ya zamani: huitazama alama kwa alama, huiuliza ilitengenezwa wapi na lini, ilipita mikononi mwa nani, na kama inasema kweli. Bunduki za wenzo zilifika katika nchi yetu ya ziwa, na mambo zilizoyafanya hapa hayajasahauliwa. Kwa hiyo nataka tuzitazame kama wakusanyaji wazitazamavyo, kisha tuulize swali ambalo wao hawaliulizi mara nyingi: nani alisimama mbele ya mtutu?

Kwanza tuelewe wenzo ni nini. Wazee wetu waliijua gobori, bunduki ishindiliwayo kwa mdomoni. Mwenye gobori humimina baruti katika mdomo wa mtutu, huifuatisha risasi, hushindilia kwa ufito wa chuma, huweka fataki, ndipo hupiga. Mtu hodari aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika moja, naye alilazimika kusimama wima anaposhindilia, akionekana na adui zake wote. Bunduki ya wenzo iliiondoa taabu hiyo. Chini ya kifyatulio pana mkono wa chuma. Ukiushusha, nyuma ya mtutu hufunguka. Ukiupandisha, hufungika, na bunduki i tayari. Askari aliyefunzwa vyema aliweza kupiga mara kumi na mbili kwa dakika, tena akiwa amelala kifudifudi nyuma ya jiwe.

Bunduki hizo ni za namna mbili, na yafaa tusizichanganye. Ya kwanza ni ya Kimarekani. Kiwanda cha Winchester, mjini New Haven, kilianza kuziuza kwa jina hilo mwaka 1866. Risasi hupangwa katika bomba lililo chini ya mtutu, na kila mara wenzo ushushwapo, ganda tupu hutoka na risasi mpya huingia mahali pake. Ya pili ni ya Kiingereza, iitwayo Martini-Henry, iliyokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871. Hii haina bomba; kila risasi hutiwa kwa mkono, moja moja. Jina lake ni la watu wawili: Friedrich von Martini, aliyefanya kazi Uswisi, ndiye aliyebuni mtambo wa kufunga na kufyatua, na Alexander Henry wa Edinburgh ndiye aliyebuni mifereji saba iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi iende bila kuyumba.

Mbona mitutu ilikuwa mirefu? Sababu kubwa ni baruti nyeusi, ambayo huungua polepole. Risasi husukumwa na moshi wa moto unaotanuka nyuma yake, na mtutu ukiwa mfupi risasi hutoka kabla moshi huo haujamaliza kazi. Tena mtutu mrefu huweka mbali kidokezi cha mbele na kile cha nyuma, hata jicho likaona kosa dogo la shabaha. Zaidi ya hayo, askari wa zamani walipiga wakiwa wamejipanga safu mbili, na ilibidi midomo ya bunduki za walio nyuma ipite masikio ya walio mbele. Na singe ilipofungwa mdomoni, bunduki iligeuka mkuki wa kumzuia farasi. Mtutu wa Martini-Henry ulikuwa na inchi 33 na ushei, yaani sentimita 84. Halafu baruti isiyo na moshi ilivumbuliwa katika miaka ya 1880, ikiungua kwa nguvu zaidi, na mitutu ikaanza kufupishwa. Bunduki fupi ya Lee-Enfield ya mwaka 1903 ilikuwa na inchi 25 tu. Ukimpa mkusanyaji mtutu usio na maandishi yoyote, akaupima kwa futikamba, huenda akakutajia kizazi chake kabla hujamwuliza.

Winchester za kawaida hazikuwa ndefu hivyo. Nyingi zilikuwa na mitutu ya inchi 24 au 26. Lakini mnunuzi aliyetaka zaidi aliweza kuagiza kiwandani, akalipia kila inchi iliyozidi, hata kufika inchi 36. Walioagiza walikuwa wachache, maana bunduki ya namna hiyo ni nzito upande wa mbele, na juu ya farasi ni udhia mtupu. Uchache huo ndio thamani yake leo. Na penye thamani hapakosi wadanganyifu: mtu hununua bunduki ya kawaida, huung'oa mtutu, hutia mwingine mrefu, akaiuza kwa bei ya ajabu. Kwa hiyo mkusanyaji hafanyi haraka. Huisoma namba iliyopigwa katika chuma, kisha huandika barua kwenda mji wa Cody, katika jimbo la Wyoming, ambako jumba la makumbusho linatunza madaftari ya zamani ya kiwanda. Karani aliyekwisha kufa siku nyingi aliandika humo namba ya bunduki, mtutu wake, na siku iliyotoka ghalani. Daftari likisema inchi 26 na bunduki ikipimwa ikaonekana 32, basi mmoja kati yao ni mwongo, na mara nyingi si daftari.

Sasa turudi ziwani. Winchester zilifika Afrika Mashariki kidogo kidogo, mikononi mwa wasafiri na wawindaji. Stanley alipofunga safari ya kumtafuta Emin Pasha mwaka 1887 alichukua Winchester 50 tu, na Remington zaidi ya 500. Bunduki ya wenzo iliyogusa maisha ya watu wa Nyanza ilikuwa Martini. Kumbuka kwamba hata mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na askari wengi wa Uganda walikuwa Wasudani. Wajukuu wao, Wanubi, wanakaa Kibos na Kibigori mpaka leo. Snider, iliyo kuukuu zaidi, na Martini, ndizo zilizokuwa silaha za askari wa serikali katika miaka ile. Serikali ilipopeleka majeshi kuwaadhibu Waluo wa Seme, Sakwa na Uyoma mwaka 1899, wenyeji walikutana na risasi wakiwa na mikuki na ngao za ngozi. Na Seme si mbali. Ukisimama Otonglo ukaelekea magharibi, ndiko uendako.

Utauliza mbona Waluo na majirani zao hawakununua bunduki kama hizo. Magobori yalikuwako, misafara ya watu wa pwani iliyafikisha hata Mumias, kwa Nabongo wa Wawanga. Lakini mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake yalikataza kwamba bunduki zenye mifereji, na zile zitiwazo risasi kwa nyuma, zisiuzwe Waafrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Gobori laini la zamani liliweza kuuzwa kwa masharti. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, maana mwuza watumwa aliishi kwa bunduki yake. Walakini chukua ramani uangalie mistari hiyo miwili: Kisumu iko katikati, karibu kabisa na ikweta. Serikali zilizotia sahihi hazikujikataza zenyewe kuwapa askari wao Martini. Kwa maoni yangu mkataba ule ulishinda vita vingi vya Afrika kabla havijapiganwa, na ni ajabu kwamba vitabu vingi vya shule huutaja kwa sentensi moja tu.

Wanandi walishindana na Waingereza tangu mwaka 1895 hata 1906, wakitegemea mikuki, mishale, vilima vyao na giza la usiku. Reli ilipofika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901 ilikuwa imepita kando ya nchi yao, nao wakazichukua nyaya za simu na vyuma vya reli wakafua mapambo na silaha. Tarehe 19 Oktoba 1905 orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei, alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akauawa hapo hapo. Katika vita vilivyofuata Wanandi zaidi ya elfu moja waliuawa, na ng'ombe wao wapatao 16,000 walichukuliwa. Siku zile palikuwako bombomu la Maxim pia, na mitutu ya bunduki ilikwisha anza kufupishwa.

Miaka minne baadaye, katika Desemba 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwaka ule ule, alifika Kisumu kwa gari la moshi, akapanda meli kuvuka ziwa mpaka Entebbe. Miongoni mwa bunduki zake, ile aliyoiamini sana kwa simba ilikuwa Winchester ya namna ya 1895, iliyobuniwa na John Browning. Hiyo ina wenzo lakini haina bomba. Risasi hukaa katika kisanduku mbele ya kifyatulio, kwa sababu risasi zilizochongoka zikipangwa katika bomba, ncha ya moja huweza kuigonga fataki ya nyingine. Mtutu wake ni wa inchi 24, na mpenda mitutu mirefu asingeitazama mara mbili isingalikuwa jina la mwenyewe. Roosevelt naye alikuwa mkusanyaji: msafara wake ulipeleka katika makumbusho ya Smithsonian wanyama zaidi ya 11,000, wakubwa kwa wadogo. Bunduki zake kadhaa zimetunzwa Marekani, kila moja na hadithi yake. Martini ya askari wa Kibos haikuwa na bahati hiyo; ilikuwa mali ya serikali, ikarudishwa ghalani ikiwa na namba bila jina la mtu.

Martini nyingi zilizo mikononi mwa wakusanyaji leo zilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua kwa serikali ya Nepal ghala zima la silaha kuukuu, lililokuwa katika jumba la kale mjini Kathmandu: bunduki zapata 50,000, zimeganda mafuta na vumbi la miaka mingi. Vilevile, katika milima iliyo mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, mafundi huziiga Martini kwa tupa na nyundo. Kazi yao ni ya kustaajabisha, lakini mara nyingi alama huwasaliti: utaona taji na herufi za Malkia Victoria juu ya bunduki yenye tarehe ya baada ya 1901, naye Malkia alikufa mwaka huo.

Hapa Kenya mtu hawezi kuwa mkusanyaji kwa kupenda tu. Sheria ya silaha, Sura ya 114, yataka kibali, na mwenye bunduki bila kibali hupata adhabu kali. Ukiiona silaha ya kale, darini mwa babu yako au shambani, usiiguse. Yamkini ina baruti ndani. Mwambie mzee wako, naye ampelekee chifu habari. Mwezi wa Novemba 2016 serikali ilichoma moto Ngong silaha haramu zaidi ya 5,000, nami siwezi kuilaumu. Waulize watu wa Baringo na Turkana bunduki zimewafanyia nini. Lakini ningependa kwamba kabla ya kila moto kama huo apite kwanza mtu mmoja mwenye daftari na futikamba, apime mitutu, anakili namba na alama, na ile iliyo ya kale kweli iharibiwe mtambo isiweze kupiga tena, kisha ipelekwe makumbusho. Makumbusho ya Kisumu yako wazi tangu mwaka 1980, na mikuki na ngao zina mahali humo. Mwanafunzi auonaye mkuki peke yake amesoma nusu ya barua.

Nusu ya pili imewahi kusafiri kinyume. Koitalel alipokwisha kuuawa, Meinertzhagen alizichukua fimbo zake za utawala, akazipeleka Uingereza kama mwindaji apelekavyo pembe. Zilikaa huko miaka mia moja, hata mwaka 2006 mwanawe akazirudisha kwa Wanandi. Fimbo hizo ni tatu. Zilipelekwa Nandi Hills, katika makumbusho yenye jina la Koitalel, na mwanafunzi atokaye Kisumu asubuhi aweza kwenda kuziona akarudi kabla ya jua kuchwa.