Zege Halilali: Historia Fupi ya Zege la Kuprinti

Wiki ya testi imeisha, wengine tumetoka salama, wengine tunasubiri matokeo kwa dua. Leo sina stori za boom wala za maji kukatika hosteli. Tangu Jumapili kuna ubishi kwenye korido yetu, watu wa uhandisi upande mmoja, sisi wa historia upande wa pili. Eti nyumba inayojengwa na mashine, ile inayopanga zege tabaka juu ya tabaka kama mtu anayekamua dawa ya meno, ina nguvu kweli au ni mapambo tu? Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu anasema zege hilo linafika megapaskali 100, mjadala umefungwa. Mwenzake anasema litaachia kama chapati za tabaka. Nimekaa nikasoma, na naona wote wana pointi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1908 Thomas Edison, yule yule wa taa, aliomba hati miliki ya kujenga nyumba nzima ya zege kwa kumwaga mara moja. Hati aliipata 1917, na mwaka huo huo zikajengwa nyumba chache kwa njia hiyo huko Union, New Jersey. Balaa lilikuwa kwenye fomu. Vipande vya chuma zaidi ya 2,000 vya kufunga na kufungua, sasa hapo unafuu uko wapi? Kumbuka hilo, maana mpaka leo fomu ni sehemu kubwa ya gharama ya zege, na hamu ya kuziondoa ndiyo imezaa hizi mashine zote.

Aliyeziondoa kweli ni mtu ambaye wengi hatujamsikia, William Urschel wa Valparaiso, Indiana. Mwaka 1939 alijenga kijumba kwa mashine iliyozunguka na kuacha ukuta wa zege nyuma yake, tabaka kwa tabaka, bila fomu hata moja. Kompyuta hakuna, 1939! Baada ya hapo kimya kirefu. Wazo lilirudi miaka ya 1990 Marekani, pale Joseph Pegna alipochapisha majaribio yake mwaka 1997, na Behrokh Khoshnevis wa Chuo Kikuu cha Southern California alipokuwa akitengeneza mfumo wake alioupa jina la Contour Crafting.

Lakini mashine peke yake haitoshi, na hapa ndipo watu wa uhandisi walinibana. Zege lina ugomvi wa zamani na maji. Duff Abrams alionyesha huko Chicago mwaka 1918 kwamba maji yakizidi kwa kulinganisha na saruji, nguvu inashuka. Fundi yeyote wa mtaani anajua zege la majimaji ni rahisi kumwaga na ni kimeo baadaye. Suluhisho lilipatikana miaka ya 1960, Japani na Ujerumani zilipotengeneza dawa zinazofanya zege litiririke kwa maji kidogo. Ongeza vumbi laini la silika linalotoka kwenye tanuru za viwandani, linajaza vinafasi katikati ya chembe za saruji, ukapata zege la nguvu ya juu.

Sasa mashine inataka kitu cha ajabu. Ndani ya bomba zege liwe uji, likishatoka liwe ugali, tena ugali wa kubeba ugali mwingine juu yake dakika hiyo hiyo!

Waliolifanyia kazi hili vizuri ni timu ya Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Mdomo wa mashine yao ulikuwa na kipenyo cha milimita 9 tu, kwa hiyo kokoto sahau, ni mchanga laini. Sehemu 3 za mchanga kwa 2 za unga. Unga wenyewe ni asilimia 70 saruji, 20 majivu ya makaa ya mawe, 10 vumbi la silika, pamoja na nyuzi za plastiki za milimita 12. Waliweza kupandisha tabaka 61 kwa mkupuo mmoja bila kuporomoka.

Nguvu je? Zege hilo lilipomwagwa kwenye fomu kawaida lilistahimili kubanwa kwa megapaskali 107. Kwa lugha ya sokoni, ni zaidi ya tani moja juu ya kila sentimita mraba. Nyumba zetu za kawaida zikipata 25 tunashukuru. Lilipoprintiwa likatoa kati ya 75 na 102, inategemea umelibana kutoka upande gani. Halafu cha kushangaza, lililoprintiwa vizuri lilikuwa na vitundu vichache kuliko lile la kumwagwa: asilimia 1.0 dhidi ya 3.8. Lililoprintiwa ovyo, 4.8. Kwa hiyo mwaka wa tatu wetu hakudanganya.

Ila soma mstari unaofuata. Walipovuta tabaka zitengane, kiungo kilistahimili megapaskali 2.3 pale muda kati ya tabaka na tabaka ulipokuwa mfupi, kikashuka mpaka 0.7 muda ulipoongezeka. Hiyo 0.7 ni kama kilo 7 kwa sentimita mraba. Zege lile lile, la tani nzima! Mafundi wetu walishasema zamani kwamba zege halilali, na sisi tukaigeuza msemo wa kutongozea. Maabara ya Uingereza imewathibitishia kwa namba.

Ndiyo maana ukiangalia kazi za heshima zilizofuata, wabunifu wanahangaika na kiungo kuliko na zege lenyewe. Daraja la baiskeli la Gemert, Uholanzi, lililofunguliwa Oktoba 2017, lina tabaka kama 800, na watu wa chuo cha Eindhoven walipitisha nyaya za chuma zilizokazwa ili kuzibana tabaka pamoja. Venice mwaka 2021 likasimamishwa daraja la Striatus, vipande 53 bila nondo, kwa umbo la tao, mzigo ukizibana tabaka badala ya kuzivuta. Akili za tao ni za zamani kuliko saruji ya leo, lakini watu wa historia tukisema hivyo tunaambiwa tunajipendekeza.

Na mashine imeshafika kwetu. Kampuni ya 14Trees iliprinti kuta za shule Malawi mwaka 2021 kwa saa 18, kisha ikaja Kilifi, Kenya, kwenye mradi wa nyumba za Mvule Gardens. Hizo saa 18 ndizo kila mtu anazitaja. Mimi nikibahatika kwenda Kilifi nitauliza swali tofauti: mchana wa jua kali la pwani, bomba likiziba, dakika ngapi zinapita kabla tabaka inayofuata haijawekwa, na nani anaziandika?