Tarehe ya Kisu cha Laguiole

Laguiole ni mji mdogo katika nyanda za juu za Aubrac, jimbo la Aveyron, kusini mwa Ufaransa. Wenyeji hulitamka jina hilo Layoli. Ni nchi ya baridi kali, majani na ng'ombe, na mchungaji wa huko hakutoka nyumbani bila kisu. Zamani kilikuwa kisu kisichokunjika, chenye mpini wa mti, kikiitwa capuchadou.

Mwaka 1829 hutajwa kuwa ndio mwaka ambao fundi Pierre-Jean Calmels alianza kutengeneza hapo kisu cha kukunja. Bapa lake lilikuwa jembamba lenye ncha kali. Mgongoni palikuwa na springi ya chuma ya kulishikilia bapa. Wengi huona humo sura ya navaja, kisu cha Wahispania, wala si ajabu: wanaume wa Aubrac walikuwa wakienda Catalonia msimu wa baridi kupasua mbao, na mtu hurudi kwao na alichokiona.

Baadaye kila kazi mpya iliacha alama yake kwenye kisu. Mnamo 1840 kiliongezwa msharasi. Ng'ombe akila majani mabichi kupita kiasi, tumbo hujaa gesi, na mchungaji aliyechelewa kumtoboa ubavuni alimpoteza. Kufika 1880 kikaingia kizibuo, na hiki hakikutoka malishoni. Kilitoka Paris, walikohamia vijana wa Aubrac kubeba maji na kuuza makaa, hatimaye wakafungua mikahawa. Mwenye mkahawa hana ng'ombe wa kutoboa, ana chupa za mvinyo za kuzibua. Kisu chenye vitu hivyo vitatu, bapa, msharasi na kizibuo, ndicho wakusanyaji wengi wanachokitafuta hadi leo.

Kuna pia nyuki aliyechongwa kwenye kichwa cha springi. Utaambiwa ni zawadi ya Napoleon kwa mashujaa wa mji. Hadithi tamu, ila hesabu inaikataa: Napoleon alifariki 1821, kabla kisu chenyewe hakijakuwapo, na nyuki alianza kuonekana mwanzoni mwa karne ya 20.

Sifa zilipoenea, mafundi wachache wa Laguiole hawakuweza kutosheleza wateja. Kazi ikahamia Thiers, mji wa wahunzi upande wa kaskazini, ambako visu vimetengenezwa tangu Enzi za Kati kwa nguvu ya maji ya mto Durolle. Wanoaji wa Thiers walifanya kazi wakiwa wamelala kifudifudi juu ya ubao, uso ukiwa juu ya jiwe linalozunguka, na kwa sababu ya baridi walilaza mbwa juu ya miguu yao. Watu hao ndio waliokilea kisu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia karakana za Laguiole zilikufa karibu zote, kisu kikaendelea kuishi Thiers kwa jina la mji usiokitengeneza tena.

Mwaka 1987 kiwanda kipya, Forge de Laguiole, kilifunguliwa mjini, kwa ramani ya mbunifu Philippe Starck: paani limesimama bapa la mita 18. Lakini jina halikuwa na ulinzi. Mwaka 1993 mfanyabiashara mmoja wa pande za Paris alilisajili kwa bidhaa za kila aina, na visu vya bei chee kutoka Asia vikaja sokoni vikiwa na nyuki na jina lilelile. Mwaka 2012 wakazi waling'oa kibao cha jina la mji wao kwa hasira. Mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kufutwa kwa sehemu ya usajili huo, na 2019 mahakama ya rufani ya Paris ikawapa wenyeji ushindi mwingine.

Kwa maoni yangu ugomvi wa Laguiole na Thiers juu ya jina hilo hauna haki, maana bila Thiers kusingekuwa na kisu cha kugombewa. Wewe unayetaka kukusanya, usinunue kwa kusoma neno Laguiole peke yake, kwani halithibitishi chochote. Tafuta jina la karakana kwenye bapa, uliza kimeungwa wapi na nani. Na ukiwa Ufaransa kiache nyumbani kama huna kazi nacho, kwa kuwa sheria ya huko inakataza kubeba kisu bila sababu ya msingi.