Kimya, Ushahidi na Uponyaji katika Tawasifu za Waliodhulumiwa Utotoni: Kutoka Jacobs hadi Angelou

Wahenga walisema kuwa mficha uchi hazai. Usemi huu humhimiza mwenye dhiki aidhihirishe ili apate msaada, lakini pia huchukulia kwamba yupo atakayemsikiliza na kumwamini. Historia ya tawasifu za watu waliodhulumiwa kingono utotoni inaonyesha kuwa msikilizaji huyo hakupatikana kwa urahisi. Makala haya yanaifuatilia historia hiyo nchini Marekani kwa kuzingatia kazi mbili: ya Harriet Jacobs (1861) na ya Maya Angelou (1969). Yanashikilia kuwa katika utanzu huu uponyaji hauletwi na kusema pekee. Huletwa na kusema mbele ya anayestahili kuambiwa.

Jacobs alizaliwa mtumwa katika mji wa Edenton, North Carolina. Katika Incidents in the Life of a Slave Girl, kitabu kilichohaririwa na Lydia Maria Child, anasimulia jinsi daktari aliyekuwa na mamlaka juu yake alivyoanza kumwandama alipoingia mwaka wake wa 15, na jinsi alivyojificha kwa takriban miaka saba katika kijidari cha nyumba ya nyanyake, mahali ambapo hakuweza hata kusimama wima. Alijiita Linda Brent. Jina hilo lilikuwa stara, kwa kuwa mwanamke aliyetaja mambo kama hayo hadharani alijivunjia heshima. Hata hivyo, stara hiyo hiyo ilimgeukia. Kwa miongo mingi wahakiki wengi walikichukulia kitabu chake kuwa hadithi ya kubuni, au kazi ya Child mwenyewe. Ni katika miaka ya 1980 ambapo Jean Fagan Yellin, kwa kutumia barua na hati za kumbukumbu, alithibitisha kwamba Jacobs ndiye aliyekiandika na kwamba aliyoyasimulia yalitendeka. Toleo la Yellin lilitoka mwaka wa 1987, miaka 90 baada ya kifo cha Jacobs. Shahidi alikuwa amesema. Mahakama ya uhakiki ndiyo iliyochelewa.

Taaluma ya utabibu nayo haikuwa na msimamo thabiti. Mwaka wa 1896 Sigmund Freud alidai kuwa chanzo cha histeria ni dhuluma za kingono za utotoni, lakini mwaka uliofuata alimwandikia rafikiye Wilhelm Fliess kwamba hakuiamini tena nadharia hiyo. Makala mashuhuri ya Henry Kempe na wenzake ya mwaka wa 1962 yaliwazindua madaktari kuhusu watoto wanaopigwa nyumbani. Dhuluma za kingono zilibaki kando.

Angelou alichapisha I Know Why the Caged Bird Sings katika mazingira hayo. Msimulizi, akiwa na umri wa miaka minane, ananajisiwa na mpenzi wa mamake mjini St. Louis. Mahakamani anaulizwa iwapo mtu huyo aliwahi kumgusa kabla ya siku hiyo. Kwa hofu anajibu kwamba hakuwahi. Mshtakiwa anahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, anaachiliwa, kisha anauawa. Mtoto anaamini kuwa ulimi wake ndio ulioua, na anaacha kusema na watu isipokuwa kaka yake, Bailey. Kimya hicho, kama Angelou alivyoeleza baadaye, kilidumu kwa takriban miaka mitano.

Hapa ndipo usemi wa wahenga unapotatizika. Mtoto huyu hakuficha: alisimama kizimbani, na kusema kwenyewe kukawa jeraha la pili. Mahakama ilitaka jibu lake; haikumtaka yeye. Kinyume chake ni Bi Bertha Flowers wa Stamps, Arkansas, anayemwalika nyumbani, akamwandalia vitafunio, akamsomea A Tale of Two Cities ya Dickens, kisha akamwagiza akariri shairi. Hamwulizi lolote kuhusu yaliyompata. Anamrudishia kwanza maneno ya watu wengine, ili siku moja apate ya kwake. Muundo wa kitabu unalithibitisha hili: unajisi unasimuliwa kabla masimulizi hayajafika nusu, nacho kitabu kinakamilika kwa msimulizi kumzaa mwanawe. Tukio hilo linapewa uzito wake, lakini halipewi neno la mwisho.

Mwaka wa 1992 Judith Herman alieleza kuwa kupona hupitia hatua tatu: usalama, kukumbuka na kuomboleza, na kurejea katika uhusiano na watu. Angelou alikuwa amezichora hatua hizo kifani miaka 23 kabla yake. Yapo madai kwamba kumbukumbu za utotoni haziaminiki, na ni kweli kuwa kumbukumbu yaweza kukosea. Lakini kisa cha Jacobs kinaonyesha kuwa shaka nayo yaweza kukosea, na kosa lake hudumu kuliko umri wa mtu.

Kwa kumalizia, mhakiki wa tawasifu hizi hana budi kuchagua kiti chake. Anaweza kumhoji msimulizi kama wakili wa St. Louis, au kumsikiliza kama Bi Flowers. Kusikiliza huko hakumwondolei wajibu wa kupima ushahidi. Yellin aliupima kwa makini kuliko waliomtangulia, na kwa kufanya hivyo akamrudishia marehemu sauti yake.