Beetle ya Guka: Vile Utajua ni 1300 ama 1303 Kabla Utoe Doo

Ukizunguka Othaya, Karatina ama Nanyuki, bado unaweza kupata Volkswagen Beetle imelala nyuma ya boma ya guka, kuku wametaga ndani. Unaitaka uirudishe barabarani? Poa. Lakini ukiziangalia haraka zote ni mapacha, na ukikosea modeli utanunua spea zenye haziingii. Cheki hivi:

Dirisha la nyuma. Likiwa na umbo la yai, gari ni ya kati ya 1953 na 1957. Kutoka Agosti 1957 likawa la mstatili na kubwa zaidi.

Taa za mbele. Zikilala na mteremko wa madigadi, kwa kawaida ni ya kabla ya 1968. Zikisimama wima, ni ya baadaye. Lakini usiapie hapa: madigadi hushikwa na bolti tu, fundi wa jua kali anabadilisha chap chap.

Boneti. Ifungue. Spea tairi ikiwa imesimama, hiyo ni Beetle ya kawaida, kama 1200 ama 1300. Ikilala kwa sakafu na pua imevimba kiasi, uko na 1302 ya 1970 ama 1303 ya 1972.

Kioo cha mbele. 1302 ni bapa, 1303 kimepinda. Hiki hakidanganyi. Kioo cha 1303 hakitaingia kwa 1300, na hata shoka za mbele ni tofauti.

Taa kubwa za nyuma. Zilikuja na 1303, halafu zikawekwa kwa zingine pia. Si ushahidi.

Mbona wazee walipenda hii gari huku mlimani? Injini iko nyuma, uzito unakalia magurudumu yenye yanasukuma, so kwa matope inashika. Tena inapozwa na hewa, haina rejeta ya kuchemka ukipanda. Mwaka wa 1962, Tommy Fjastad alishinda Safari Rally na Beetle.

Mwisho, inua kiti cha nyuma. Namba ya chasisi imegongwa hapo katikati, betri iko kando. Linganisha namba na logbuku, kisha guza sakafu chini ya betri, juu asidi na kutu huila polepole.

Namba zikikataa kupatana, hata bei ikiwa tamu aje, rudisha kiti, shukuru mzee, ujitoe. Usiuziwe mbuzi kwa gunia.